Feloshipu ya maumivu isiyo na ithibati: uende, usubiri, au ubaki Dodoma?

Dogo mmoja wa idarani kwetu alinisubiri nje ya thieta, kofia bado kichwani. "Shikamoo bosi, naomba dakika mbili." Akanipa simu. Hospitali binafsi huko India ilikuwa imempa nafasi ya feloshipu, yaani mafunzo ya ubobezi baada ya ubingwa, ya tiba ya maumivu: miezi mitatu, nusu ya ada ilipwe kabla ya kusafiri, mwisho unapewa cheti chenye muhuri wa dhahabu. Neno ithibati halikuwepo popote kwenye ujumbe ule, na yeye alishaligundua hilo kabla yangu.

"Sasa bosi, niende au ni upigaji?"

Dogo huyu ana MMed, shahada ya ubingwa, ya usingizi na hajamaliza hata mwaka tangu aanze kuitwa bingwa. Nilimwomba siku mbili. Haya ndiyo niliyomwandikia, nikaongeza mawili matatu kwa ajili ya wengine wanaoniuliza swali hilohilo, maana kwa hapa Dodoma limekuwa swali la kila baada ya miezi michache.

Kwanza tukubaliane tunalinganisha nini

Watu husema "yenye ithibati" na "isiyo na ithibati" kana kwamba ni vyungu viwili, kimoja kizima na kingine kimepasuka. Sivyo. Ithibati maana yake ni kwamba chombo cha nje kimekagua programu: wagonjwa wanatosha, walimu wapo, mwanafunzi anapimwa, malalamiko yana pa kwenda. Juu ya hapo, ithibati ni ufunguo wa mlango fulani katika nchi fulani. Ukitaka kujua thamani yake kwako, uliza huo mlango unafungua chumba gani, na kama wewe una mpango wa kuingia humo.

Tuanze na Marekani, kwa sababu mabishano mengi tunayoyasoma yanatoka huko. Feloshipu ya maumivu yenye ithibati ya ACGME, chombo kinachokagua mafunzo ya ubingwa na ubobezi huko, ni ya miezi 12, na bila hiyo hukai kwenye mtihani wa ubobezi wa maumivu wa bodi yao ya madaktari wa usingizi, mtihani uliopo tangu 1993. Pamoja na hayo, wapo Wamarekani wanaochagua kwa makusudi feloshipu zisizo na ithibati, hasa madaktari wa tiba ya viungo wanaotaka uti wa mgongo na michezo zaidi kuliko saratani na wodi. Wanapoteza mtihani ule, wanapata mikono mingi kwenye kile wanachokitaka. Wao wanabishana kuhusu bima zao, hospitali zao na bodi yao. Usiyabebe mabishano hayo mzimamzima ukayashusha kituo cha treni ya SGR hapa mjini.

Kwetu njia ziko tatu. Ya kwanza ni yenye ithibati, ughaibuni. Ya pili ni isiyo na ithibati, na humo ndani kuna vitu viwili visivyofanana hata kidogo: mwaka mzima kwenye hospitali kubwa inayofundisha lakini haijapeleka programu yake kukaguliwa, na kozi ya wiki tatu iliyovishwa jina la feloshipu. Ya tatu ni kubaki hapahapa na kujenga kliniki kwa ulichonacho. Hii ya tatu huwa haihesabiwi kabisa kwa sababu haina picha ya kupiga uwanja wa ndege.

Jina

Hapa nitakuwa mfupi. Baraza la Madaktari Tanganyika linaposajili bingwa linatazama shahada inayotambulika, na tuzo ya chuo cha nje hupitia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa ajili ya utambuzi. Cheti cha hospitali binafsi si shahada. Ukirudi nacho, kwenye rejista unabaki kuwa yule yule uliyeondoka: bingwa wa usingizi. Muundo wa utumishi haukupandishi kwa ajili yake, na bima hailipi ada ya kumwona bingwa bobezi kwa sababu tu umeweka cheti kwenye fremu ukutani. Nimeona mtu ameandika "Bingwa Bobezi wa Maumivu" kwenye bango la zahanati yake baada ya kozi ya siku kumi. Hilo si jambo la kuiga, na siku sindano ikienda vibaya bango lile litasomwa na watu ambao hukuwaandikia.

Yenye ithibati je? Nayo haiji kirahisi. Programu za ACGME kwa kawaida zinamtaka mtu aliyefanya mafunzo ya ubingwa ndani ya mfumo wao au wa Canada. Wewe mwenye MMed ya hapa utaambiwa, kwa adabu, uanze upya: miaka 4 ya usingizi, kisha mwaka 1 wa maumivu. Miaka 5. Ukishaimaliza, tuseme ukweli, si wengi watakaorudi kupanga foleni ya mafuta hapa Kisasa.

Kwa upande wa jina, basi, ithibati inashinda, ila ni ushindi unaokuhusu ukitaka kufanya kazi kule ilikotolewa.

Mikono

Hapa ndipo penye kiini, na hapa nitajisema mwenyewe.

Mimi nilikwenda. Miaka michache kabla serikali haijahamia huku niliuza kiwanja changu cha Ihumwa, nikalipia kozi ya wiki tatu nje ya nchi iliyokuwa na neno feloshipu kwenye kichwa cha tangazo. (Anayejua bei ya viwanja vya Ihumwa leo, baada ya Mtumba kuwa mji wa serikali, naomba asinikumbushe.) Tulikuwa saba kwenye chumba kimoja cha kuchomea sindano. Aproni za kuzuia mionzi zilikuwa nne, kwa hiyo watatu tulikaa nyuma ya kioo tukitazama skrini. Nilijifunza mengi kwa macho, siwezi kusema uongo. Nilijua ncha ya sindano inapaswa ionekane wapi na rangi ya kuonyesha mishipa inasambaaje ukiwa mahali sahihi. Lakini sindano nilizochoma mwenyewe zilikuwa nne, zote siku mbili za mwisho, zote kiunoni kwa wagonjwa wembamba ambao hata fundi baiskeli angewapata. Cheti kilisema nimekamilisha "mafunzo ya kina".

Niliporudi, mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama mnene mwenye maumivu ya shingo. Nilishika sindano, nikaitazama, nikairudisha kwenye trei. Sikumchoma. Hadi leo naamini ule ndio uamuzi bora niliowahi kufanya katika fani hii.

Maana shingo haina mzaha. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba sindano za steroidi kwenye nafasi ya epidurali, ile inayozunguka utando wa uti wa mgongo, zinaweza, kwa nadra, kuleta upofu, kiharusi, kupooza na hata kifo. Chanzo kimojawapo kinachotajwa ni chembechembe za dawa kuingia kwenye mshipa mdogo wa damu unaolisha uti wa mgongo au ubongo. Kuchoma ni jambo la kufundishika kwa wiki. Kujua lini usichome, kutambua kwamba ile rangi kwenye skrini imeenda kwenye mshipa na siyo kwenye neva, na kujua cha kufanya dakika ileile mgonjwa anaposema "dokta, sioni", hayo yanataka miezi, na mwalimu aliye pembeni yako.

Kwa hiyo, programu isiyo na ithibati ipime kwa swali moja kabla ya mengine yote: nitashika au nitatazama? Nchi nyingi hazimruhusu daktari mgeni kumgusa mgonjwa bila kibali cha muda cha baraza la madaktari la huko. Hospitali ikikuambia "usijali kuhusu kibali", tafsiri yake ni moja kati ya mbili. Ama hutagusa mtu, ama utagusa kinyume cha sheria, na ikitokea ajali wewe ndiye mgeni.

Angalia Uingereza, uone jinsi mstari wa ithibati unavyopinda. Wana mpango uitwao Medical Training Initiative, ambao umewapokea madaktari wa nchi kama yetu kwa muda usiozidi miezi 24, kisha wanarudi kwao. Huishii kwenye cheti cha ubingwa cha Uingereza. Kwa maana hiyo kali ni mafunzo yasiyokupa ufunguo wao. Lakini unasajiliwa na baraza lao la madaktari, unalipwa, unashika mgonjwa, unasimamiwa. Ukiniwekea hiyo upande huu, na upande ule kozi ya miezi mitatu yenye muhuri wa dhahabu, wala sitaomba muda wa kufikiri.

Upo pia mtihani wa FIPP, wa taasisi ya kimataifa ya maumivu iitwayo World Institute of Pain, iliyoanzishwa 1993. Unaandika, unahojiwa, na unaonyesha kwa vitendo, kwa kawaida kwenye maiti. Nao si leseni na hapa haubadilishi rejista. Faida yake ni kwamba mtu asiyekufahamu amekutazama ukichoma. Aliyesoma programu isiyo na ithibati kisha akaupita mtihani huu, mimi namwamini kuliko mwenye vyeti vitano vya kuhudhuria.

Jumatatu ya kwanza ukirudi

Mwaka jana alikuja mzee wa Kongwa, kaletwa na binti yake kwa basi la asubuhi. "Mbukwa, mzee." Akaitikia kwa shida. Saratani ya tezi dume imeingia kwenye mifupa ya mgongo. Alishapita Ocean Road, taasisi ya saratani, akarudishwa nyumbani. Alipewa diklofenaki na panadol, na binti alikuwa na mfuko wa nailoni wenye pakiti tupu kumi na mbili ili nizione. Mzee alisema maumivu yanawaka kama pilipili kichaa, yanatoka kiunoni yanatembea hadi kwenye kidole gumba. Wiki mbili hajalala.

Huyu hakuhitaji mashine ya kuchoma neva kwa mawimbi ya redio. Alihitaji morfini ya maji kila baada ya saa nne, dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, nusu kidonge cha amitriptilini usiku, na mtu wa kumwambia binti kwamba morfini si sumu wala haimfanyi baba yake kuwa teja. Ngazi ya dawa za maumivu ya Shirika la Afya Duniani ilitolewa 1986. Kinachotushinda zaidi ni chupa kutofika wodini na daktari kuogopa kuandika. Siku ya tatu binti alinipigia simu kuuliza kama ni kawaida mtu kulala hadi saa tatu asubuhi.

Nimemleta mzee huyu hapa kwa sababu feloshipu nyingi zisizo na ithibati, hasa zile fupi, zinauza sindano. Tangazo linaonyesha mashine. Programu zenye ithibati, pamoja na urasimu wao, zinalazimishwa kufundisha pia upande usio na picha nzuri: dawa, saratani, mazoezi ya viungo, saikolojia ya mtu aliyeumwa miaka 6 na ndoa imeanza kutetereka. Na ukikaa kwenye kliniki yetu siku moja utaona ni upande upi unaojaza benchi. Watoto na vijana wa selimundu (Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma walianza kupandikiza uloto kwa ajili ya selimundu 2023, lakini walio wengi bado wanaishi na vipindi vya maumivu). Dereva wa bodaboda aliyekatwa mguu na bado unamuuma mguu usiokuwepo. Mama wa kisukari ambaye nyayo zinawaka moto. Mkulima wa zabibu mwenye kiuno. Wengine wanahitaji kuonwa na wenzetu wa Mirembe, hospitali ya afya ya akili, kabla ya kuonwa na sindano yoyote, na ni vigumu kuwashawishi, kwa sababu hapa mjini ukimwambia mtu "nenda Mirembe" umeshamtukana.

Halafu kuna suala la vifaa. Dogo aliniambia kule atafundishwa taratibu ishirini. Nikamuuliza ngapi zinahitaji eksirei ya papo hapo. Kumi na tano. Hospitali niliyokuwapo niliporudi kutoka kozi yangu ilikuwa na mashine moja ya namna hiyo, na wenyewe walikuwa watu wa mifupa. Mimi niliahidiwa Ijumaa mchana. Ijumaa mchana palikuwa na dharura, kila Ijumaa. Baada ya miezi minane ya kutoshika sindano, hata zile nne nilizochoma zilikuwa zimenitoka mikononi. Ujuzi usiotumika huota kutu, na huo uliopatikana kwa haraka huota mapema zaidi.

Ndiyo maana naiheshimu njia ya tatu. Bingwa wa usingizi wa hapa tayari anajua kuziba neva kwa kutumia ultrasaundi, anaijua morfini, anamjua mgonjwa wa baada ya upasuaji. Kozi ya Essential Pain Management, iliyoanzia Papua New Guinea mwaka 2010, inafundishwa kwa siku moja na inasimama juu ya maneno matatu: tambua, pima, tibu. Haina mbwembwe, lakini wodi nzima, wauguzi wakiwemo, inabadilika kwa siku moja. Kampala hapo jirani kuna Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa 1993, ambako mtu anaweza kuona morfini ya maji ikichanganywa na kupelekwa hadi kitandani kwa mgonjwa kijijini. Miezi miwili ya kujifunza tiba shufaa, ile ya kupunguza mateso ya ugonjwa mzito, pale inaweza kukusaidia kwenye kliniki ya Dodoma kuliko miezi mitatu ya kutazama skrini nyuma ya kioo. Tatizo la njia hii ni kwamba ukikutana na mgonjwa anayehitaji sindano ngumu kweli, na wapo, utabaki kuandika rufaa. Tena hakuna anayekulazimisha kukua. Nimeona kliniki za namna hii zikigeuka kuwa meza ya kuandika dawa zilezile kila Alhamisi.

Pesa na muda

Uliza ada, nauli, malazi, na nani analipa mshahara wako ukiwa huko. Kama mwajiri anakupa ruhusa yenye malipo, soma mkataba wa kurudi kutumikia kabla ya kusaini. Kama hakupi, basi hesabu ni ya kiwanja, na ya kiwanja nimeshaisema.

Mimi ningemshauri nani nini

Daktari ambaye bado hana MMed: hapana, hata kama ni bure. Feloshipu bila ubingwa chini yake ni paa lililosimama juu ya hewa, na Baraza halitajua likuweke wapi. Maliza ubingwa kwanza.

Anayetaka kuishi na kufanya kazi Marekani: asipoteze mwaka kwenye isiyo na ithibati, ya India wala ya hukohuko Marekani, akidhani itamfungulia mlango wa bodi. Haifungui. Aanze safari ndefu sasa hivi akiwa bado kijana.

Bingwa wa siku nyingi, mwenye kazi yake hapa Dodoma, Singida au Iringa, ambaye hospitali yake imeshanunua mashine na mkurugenzi amemwandikia barua kwamba siku fulani ya wiki ni yake: aende, ithibati iwepo isiwepo, mradi ni miezi sita hadi kumi na miwili, kuna kibali cha kushika, na kuna logibuku, daftari la kazi ulizofanya, inayosainiwa sindano kwa sindano. Najua wapo wenzangu watakaonuna nikisema hivi. Kwa mtu huyu, rejista haibadiliki kwa njia yoyote ile, kwa hiyo anachonunua ni mikono tu. Basi anunue mikono halisi.

Bingwa mpya kama dogo wetu ndiye mgumu. Ana nguvu, hana mashine, hana barua ya mkurugenzi, na usingizi wenyewe bado unamkomaza. Kwake ningeanza na kliniki, hata ya nusu siku, mwaka mmoja. Wagonjwa watamfundisha anakosa nini, na siku akienda atakwenda na maswali. Wanaokwenda bila maswali hurudi na picha.

Nilimwambia pia asiniamini mimi, awaandikie wenyewe. Tukakaa kwa mama ntilie, chai na chapati, tukatunga barua pepe pamoja. Kwa mwezi mmoja, felo mmoja anachoma sindano ngapi kwa mkono wake? Mafelo wako wangapi kwa mwalimu mmoja? Nitapata kibali cha muda cha baraza lenu, na nani anakiomba? Madhara yakitokea, jina la nani linaandikwa kwenye faili? Naomba mawasiliano ya felo wawili waliomaliza ambao si waajiriwa wenu.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Walituma vipeperushi vitatu, picha ya jengo, na punguzo la ada kama angelipa kabla ya mwisho wa mwezi. Kuhusu kibali na kushika sindano waliandika sentensi moja, kwamba atajionea mengi.

"Bosi, kujionea maana yake nini hapa?"

"Kujionea."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Wiki iliyofuata alikwenda kwa mganga mfawidhi kuomba chumba kile kidogo nyuma ya fiziotherapia, chenye dirisha lisilofunga vizuri, Alhamisi mchana. Alipewa pamoja na meza moja na viti viwili. Siku ya kwanza walikuja wagonjwa watatu. Wa pili alikuwa yule mzee wa Kongwa, amekuja mwenyewe kufuata morfini, na alitaka kujua kwa nini leo anaonwa na mtoto.